Uso na Nasaba: Maneno Juu ya Uzuri wa Mwanamke katika Historia ya Mwambao

Historia ya mwambao wetu imeandika mambo mengi kwa wino wa kutosha. Safari za majahazi, bei ya karafuu, mikataba ya wafalme na vita vyao, yote haya yana vitabu vyake. Lakini jinsi mwanamke alivyouona mwili wake katika kioo, na maneno aliyoyasema au aliyoyameza juu ya mwili huo, hayakupata mwandishi wa kuyashughulikia sana. Sababu ya kwanza ni haya, na haya ni jambo la kuheshimiwa. Sababu ya pili ni dhana kwamba uzuri na ubaya wa sura ni kazi ya maumbile, na kwamba maumbile hayana historia.

Dhana hii ya pili ndiyo nitakayoipinga katika insha hii. Nakusudia kuonyesha kwamba katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, neno "uzuri" lilibeba ndani yake habari za nasaba na mali, na neno "ubaya" likabeba habari za utumwa na umaskini. Mwanamke aliyetaka kusema kweli juu ya mwili wake ilimpasa kwanza autenge uso wake na nasaba yake, maana watu walikuwa wamevifunga vitu hivyo viwili katika fundo moja. Shahidi mkubwa wa jambo hili ni Siti binti Saad wa Unguja. Lakini kabla ya kumfikia yafaa tuwasikilize wanawake wawili waliomtangulia, mmoja wa Siyu na mwingine wa jumba la mfalme.

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858, miaka michache baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Aliutunga kwa ajili ya binti yake. Wasomaji wengi huukumbuka utendi huo kwa mafundisho yake juu ya mke na mume, na miongoni mwa mafundisho hayo mna habari za kujipamba: usafi wa nyumba na mwili, manukato, hina, wanja, mapambo ya mikono na shingo. Wapo waliousifu kwa hayo, na wapo walioulaumu. Lakini wote wawili, msifu na mlaumu, aghalabu hupita upesi mahali pa mwanzo ambapo mama huyu ataja maradhi yake yaliyomshika kwa muda mrefu. Basi katika utendi mmoja mna miili miwili. Mwili wa binti wasemwa kwa lugha ya wajibu: uoshwe, upambwe, unukie. Mwili wa mama wasemwa kwa lugha ya kweli: ni mgonjwa, na wakati ni mchache.

Twaona hapa jambo litakalorudi tena na tena katika habari hizi. Mwanamke hakukosa maneno ya kuusemea mwili wake. Alichohitaji ni umbo la maneno hayo, yaani njia ambayo jamii iliikubali. Kwa mwanamke mwungwana aliyesoma, wasia wa mama kwa mtoto ulikuwa njia mojawapo. Twaona vilevile kwamba mapambo anayoyataja Mwana Kupona ni ya nyumba yenye nafasi. Manukato yana bei, na vito vina bei kubwa zaidi. Mwanamke asiyekuwa na kitu hakuwamo katika hesabu ya utendi, wala hakuwamo katika hesabu ya uzuri.

Shahidi wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Salme aliolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, akaishi Ulaya kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zilipigwa chapa Berlin. Humo aeleza jambo ambalo mgeni asingeweza kulijua. Katika jumba la baba yake, watoto waliozaliwa na masuria wa Kicherkesi waliitwa "paka" na ndugu zao wenye damu ya Kiafrika, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Waliitwa pia "mtukufu" kwa kejeli, kwa kuwa ngozi yao ilikuwa nyeupe zaidi. Weupe uliothaminiwa katika bei ya masuria uligeuka kuwa tusi katika vinywa vya ndugu waliouonea uchungu.

Kisha Salme akahamia Hamburg. Katika barua zake, zilizopigwa chapa baada ya kifo chake cha mwaka 1924, asimulia taabu ya kutazamwa na watu kama kitu cha ajabu. Huko hakuwa tena mwenye macho ya paka, bali mgeni wa kutoka Afrika. Uso ulikuwa uleule. Macho yaliyoutazama yalibadilika, na kipimo kikabadilika nayo. Hapana shaka Salme aliyaona hayo kwa uwazi kuliko wengi, kwa kuwa alipimwa kwa mizani mbili katika maisha mamoja.

Hawa wawili walikuwa wanawake wa tabaka la juu, na kalamu ilikuwa mikononi mwao. Lakini chini yao walikuwako wanawake maelfu ambao hawakushika kalamu, na miili yao ilikuwa mali ya watu wengine. Mavazi ya watumwa katika Unguja yalikuwa hati iliyosomwa na kila mpita njia. Mtumwa alivaa merikani, yaani shuka nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili hata ikawa karibu na weusi. Hakuvaa viatu, na kichwa chake hakikufunikwa mbele ya bwana wake. Maana yake ni kwamba utumwa uliandikwa juu ya mwili, na mwili ukalaumiwa kwa maandishi hayo. Mwanamke wa kaniki aliyeonekana mbaya hakupewa kwanza nafasi ya kuonekana mzuri.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kukomesha hali ya utumwa kisheria ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hata mwaka 1909. Katika miaka iliyofuata, wanawake waliokuwa watumwa waliiweka kaniki kando. Walinunua kanga zenye rangi na maua, wakafunika vichwa vyao, na baadaye wengi wakavaa buibui kama walivyovaa wanawake wa kiungwana. Wako waliowacheka kwa kupenda mapambo kupita uwezo wao. Lakini tukitazama vizuri twaona kwamba kanga ile ilikuwa tangazo. Aliyekatazwa kujipamba kwa amri ya mtu alikuwa akisema, bila kufungua kinywa, kwamba mwili ni wake.

Katika ulimwengu huo ndimo alimozaliwa Siti binti Saad, yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili watu wa asili ya utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi, naye alichukua vyungu kichwani akaenda kuviuza mjini, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia kufika kabla ya vyungu vyake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfunza kuimba kwa udi na fidla, na huko ndiko alikopata jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi wa heshima. Njia kutoka jina la kwanza mpaka la pili ni fupi kwa kuandikwa, lakini ilikuwa ndefu kwa kuendewa.

Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kupitia jumba la mfalme, na ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, ikasikika katika nyumba za mawe na katika vibanda vya Ng'ambo. Kwa hiyo akapata wapenzi, na pamoja na wapenzi akapata maadui. Washindani wake walitunga wimbo wa kumkejeli ulioenea mjini, na kisa hicho ni mashuhuri sana katika habari za maisha yake, ambazo Shaaban Robert aliziandika katika kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1958. Wimbo ule uliuliza tangu lini Siti amekuwa mtu, ukakumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki zake, ukasema kwamba lau si sauti asingekuwa na cha kumlisha. Pamoja na wimbo yalikwenda maneno ya mitaani juu ya sura yake, kwamba hana uzuri wowote.

Tuyapime maneno hayo kwa utulivu. Tukiondoa kejeli, twakuta ndani yake mambo matatu: asili, nguo na sura. Yote matatu yalitupwa kwa pamoja, kama mawe matatu ya jiko moja. Mkejeli hakusema kwamba Siti ni mbaya wa sura na, mbali na hilo, ametoka katika umaskini. Alisema yote kana kwamba ni neno moja, na wasikilizaji walielewa bila kufafanuliwa. Huu ndio ushahidi wa maneno niliyoyatangulia: katika mji ule, tusi la uso lilikuwa tusi la nasaba lililovaa nguo nyingine.

Siti alijibu kwa wimbo. Jibu lake ni mashuhuri, nami nitaeleza maana yake tu. Alisema kwamba jambo la kushindania si uzuri wa uso, wala si utukufu wa ukoo. Upungufu ulio mbaya kwa mwanadamu ni kukosa akili. Msomaji aangalie mpangilio wa hoja hiyo. Siti hakukana umaskini wake, wala hakudai kwamba yeye ni mzuri. Angeweza kusema hivyo. Watungaji wa nyimbo hawana haya ya kujisifu. Badala yake aliutaja uzuri na kuutaja ukoo mahali pamoja, bega kwa bega, kisha akavikataa vyote viwili kwa pigo moja. Alikuwa amelitambua fundo walilolifunga adui zake. Mtu aliyetukanwa uso angejibu juu ya uso. Yeye alijibu juu ya uso na nasaba, kwa kuwa alijua vizuri ni lipi alilokuwa akitukaniwa.

Hapa pana ujasiri ambao si wa kawaida. Watu wengi wakitukanwa mwili hufanya moja katika mambo mawili: hujificha, au hujigeuza ili wafanane na kipimo cha mtukanaji. Siti alikibali kipimo kiwepo, akakiita kwa jina lake mbele ya hadhara, kisha akakataa kupimwa nacho. Huo ni ukweli wa namna ya juu, maana haukuhitaji uwongo wowote ili usimame.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hafanyi haki akisifu tu. Jibu la Siti lina upungufu wake, na upungufu huo wafundisha. Alihamisha lawama kutoka uso kwenda akili, hakuiondoa. Mwanamke aliyenyimwa uzuri na asiyejaliwa kipawa, asiyekuwa na sauti wala ulimi wa kujibu, alibaki palepale alipokuwa. Zaidi ya hayo, wimbo ulijibu lakini haukulalamika. Haukusema jinsi maneno yale yalivyouma usiku, wakati wageni wameondoka na taa imezimwa. Wahenga walisema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Desturi ya malumbano ilimruhusu mwanamke ashinde. Haikumruhusu aonyeshe jeraha. Siti, aliyeimba juu ya mauaji ya mwanamke katika wimbo wa Kijiti, na akaonyesha jinsi hukumu ilivyowaangukia wengine, alikuwa na maneno kwa maumivu ya wanawake wenzake. Kwa maumivu yake mwenyewe alikuwa na ushindi tu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakatia nyimbo zao katika sahani za santuri. Wanahistoria wa muziki wamelieleza jambo hili kama mwanzo wa biashara ya santuri za Kiswahili, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini lina maana nyingine kwa shauri letu. Sahani ya santuri huchukua sauti na kuuacha uso. Katika nyumba za Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko bara, watu walimpenda Siti kabla ya kumwona, na wengi hawakumwona kamwe. Wale waliosema kwamba bila sauti asingekuwa kitu walidhani wamemtukana. Chombo kipya kilikuja kuonyesha kwamba sauti yatosha kuwa mtu. Siti alifariki mwezi wa Julai 1950, na sauti ile ingali ikisikika.

Mtu aweza kuuliza kama wanawake hawakuwa na mahali popote pa kusema juu ya miili yao bila kushindana. Mahali palikuwapo, nyuma ya mlango uliofungwa. Katika unyago, mwari alifunzwa na somo au kungwi habari za hedhi, ndoa na uzazi, kwa maneno yasiyofunikwa, kwa ngoma na kwa michezo. Hapo miili ilitazamwa ilivyo: minene na myembamba, ya kijana na ya mzee, yenye makovu ya uzazi. Methali isemayo kwamba mficha uchi hazai yaeleza vizuri roho ya mafunzo hayo. Nalo ni jambo la kufikirika kwamba mengi katika desturi hizo yaliletwa mwambao na wanawake waliotekwa bara, kisha yakaenea polepole hata kwa waungwana. Wanawake walewale walioitwa wabaya kwa kaniki zao ndio waliowafundisha mabibi kuijua miili yao. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 2013, aliyachukua mambo yote mawili katika maisha yake: nyimbo za Siti jukwaani na ngoma ya unyago faraghani. Lakini ukweli wa unyago ulikuwa wa siri kwa masharti yake yenyewe. Uliponya ndani ya chumba, haukubadili maneno ya barabarani.

Barabarani maneno yaliendelea, na safari hii yalitamkwa kwa sauti ya dola. Tuvuke bahari twende Dar es Salaam, miaka 18 baada ya kifo cha Siti. Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, nywele za bandia, nguo za kubana na dawa za kung'arisha ngozi. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Siku hizo makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao, na kurasa za barua katika magazeti zilijaa hoja za kila upande, baadhi yake zikiandikwa na wanawake wenyewe.

Nia ya waliokataza dawa za ngozi haikuwa mbaya yote. Walisema kwamba Mwafrika hana sababu ya kuionea haya rangi yake, na hilo ni kweli. Lakini waliutia mkorogo katika kapu moja na sketi, wakaufanya kosa la adabu. Wachache waliuliza ni nani aliyemfundisha binti yule kwamba ngozi yake ni upungufu. Lau wangeuliza, jibu lingewarudisha nyuma mpaka kwenye bei za masuria na kaniki za mashamba. Mwili wa mwanamke ulisemwa tena na kila mtu, na mwenye mwili akapewa zamu ya mwisho.

Marufuku hayakumaliza jambo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimeendelea kuuzwa katika Afrika Mashariki, ijapokuwa madaktari wameeleza kwamba zebaki hudhuru figo, na kwamba haidrokwinoni ikitumiwa ovyo na kwa muda mrefu huweza kuiharibu ngozi na kuiachia madoa meusi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, na wa kuviuza ng'ambo au kuviagiza. Sheria hizo ni za lazima. Lakini sheria hushika chupa; haishiki lile neno ambalo msichana aliambiwa alipokuwa na umri wa miaka saba, na anayejichubua akiwa na miaka 20 aghalabu hulijibu neno hilo.

Basi historia hii yatupa nini? Yatupa kwanza kipimo cha kusikilizia. Tukisikia mwanamke akiitwa mbaya, tuulize ni habari gani nyingine imepita chini ya neno hilo: ukoo, rangi, kazi, au umaskini. Mara nyingi tutaikuta. Yatuonyesha pili kwamba wanawake wa mwambao hawakuwa mabubu. Walisema kwa utendi, kwa kumbukumbu, kwa kanga, kwa wimbo na kwa ngoma, na kila njia iliwapa kitu na kuwanyima kingine. Utendi ulimpa Mwana Kupona heshima ya mama, ukamfunga katika wajibu. Unyago ulitoa ukweli mtupu, ukauwekea mlango. Wimbo ulimpa Siti ushindi mbele ya mji mzima, ukamnyima ruhusa ya kusema kwamba ameumia.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyobaki kutafutwa. Mwanamke aandike au aseme kwa Kiswahili, waziwazi na kwa heshima yake kamili, kwamba maneno juu ya mwili wake yalimwingia na yakakaa, bila ya kulazimika kwanza kuwa mshindi wala kuwa na sauti ya Siti. Wanafunzi wa lugha na historia waweza kusaidia kazi hiyo kwa kukusanya masimulizi ya mama na bibi zao wakati wangali hai, kwa idhini yao na kwa kutunza siri walizoaminiwa. Nyaraka za mwambao zina hesabu za karafuu na pembe za ndovu kwa miaka mingi. Si haki kwamba habari za wanawake waliozichuma na kuzibeba ziwe katika nyimbo za kejeli tu.